Mama Vioo na kemia ya kuvisha vioo fedha

Jua la asubuhi limeshafika katikati ya meza. Mama Vioo anavaa miwani ya plastiki, anavuta glavu mpaka karibu na viwiko, kisha anatugeukia.

"Sasa msipige chafya, msiegemee meza, na msiniulize kitu mpaka niwaambie."

Mbele yake kimelazwa kioo cha kabati la nguo. Amekwangua rangi yote ya mgongoni, akakiosha na kukisuuza mpaka kikabaki kitupu kama cha dirisha. Ukikitazama unaona mbao za meza chini yake. Mwenye kioo, mama mmoja aliyekuja nacho kimefungwa kwenye shuka, amesimama mlangoni na pochi yake kifuani.

Mama Vioo anachanganya maji ya dawa ya aina mbili, yote yasiyo na rangi, na kuyamwaga juu ya kioo taratibu. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha maji yanakuwa rangi ya chai, halafu kahawia, halafu meusi, yanaonekana yameharibika kabisa. Mwenye kioo anapiga hatua moja ndani.

"Ngoja," anasema Mama Vioo bila kumtazama.

Anayamwaga yale machafu kwenye karai, anasuuza, anakiinua kioo na kukigeuza. Mle ndani tupo mimi mwandishi na mwenye kioo, midomo wazi.

"Haya, sasa mnaweza kuuliza."

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto watatu, anarudishia vioo vilivyopofuka uwezo wa kuona. Mtaani jina lake halisi limesahaulika. Hata mume wake, seremala anayetengeneza makabati kwenye chumba cha pili, siku hizi anaitwa Mzee Fremu.

Zamani kazi yake ilikuwa kukata vioo vya madirisha na kumsaidia mume kuvipachika. Makabati ya kukarabati yalikuwa yanaletwa na vioo vyenye madoa meusi pembeni, na seremala alikuwa anavitupa.

"Nilikuwa najiuliza, hiki kinachong'aa kule nyuma ni nini? Nani amekiweka? Mbona kinaoza?" anasema. "Mume wangu akaniambia, mama watoto, hicho ni kioo tu, usikitafutie makubwa."

Jibu alilipata kwa muuza vitabu vya mitumba aliyepanga bidhaa zake chini, nje ya posta. Kitabu chenyewe hakikuwa kimepangwa. Muuzaji alikuwa amekikalia.

"Niliona kipande cha picha kimechungulia, mtu anamimina maji juu ya kioo. Nikamwambia, kaka, hebu inuka kidogo."

Kilikuwa kitabu kinene kisicho na jalada, cha kemia na matumizi yake: sabuni, wino, rangi za nguo, gundi, vioo. Kiliandikwa kwa Kiingereza cha zamani, na yeye sekondari aliiachia kidato cha pili. Akaazima kamusi ndogo ya binti yake na kuanza. Sura ya vioo pekee ilimchukua kipindi chote cha mvua.

Kabla ya hapo alijaribu sura nyingine. Sabuni yake ilitoka ngumu, ikaishia kusugulia miguu. Wino nao ulikuwa mzuri, ila ulififia, na binti akarudishwa nyumbani na daftari tupu akidaiwa hajafanya kazi ya nyumbani. Akicheka, Mama Vioo anafunika uso kwa mkono. "Yule mtoto alininunia wiki nzima."

Kioo hakikuwa na mchezo. Chumvi ya fedha, ambayo ndiyo inayotoa ule mng'ao, aliinunua kwenye duka linalouzia shule vifaa vya maabara. Kichupa kimoja kidogo kilimeza mapato yake ya mwezi mzima. Alipoitia kwenye maji, yakageuka meupe kama maziwa.

"Nikajua nimeuziwa feki. Nikarudi dukani nimewaka. Yule bwana akanionyesha vichupa vingine, vimefungwa vilevile kutoka kiwandani. Nikaona kosa ni langu, nikarudi nyumbani."

Akarudi kitabuni. Kilisema maji yawe safi kabisa. "Nikasema, kwani haya si safi? Si ndiyo tunayokunywa?" Ni sura nyingine kabisa, ya maji, iliyomfungua macho: maji ya bomba yana chumvi zake na dawa ya kuua vijidudu, na fedha ikikutana na vitu hivyo inavishika na kuganda.

Siku iliyofuata alikwenda kwa fundi magari wa jirani kununua maji ya betri, yale yasiyo na chumvi wala kitu kingine.

"Shemeji!" fundi akashangaa. "Umenunua gari bila kutuambia?"

Kioo cha kwanza kilichokubali kilikuwa cha mama mkwe wake, alichopewa siku ya harusi yake na ambacho kilikuwa kimebaki na upana wa kiganja tu wa kujitazamia. Bibi huyo alikitoa mwenyewe, wakati wengine wote walikuwa wanaficha vyao. Kilipokauka akakipokea, akajitazama kwa muda mrefu.

"Nimezeeka namna hii," akasema, "na hamkuniambia?"

Wateja wakaanza kuja. Kwa kuwa chumvi ya fedha ni ghali, Mama Vioo hakuwa na moyo wa kumwaga mchanganyiko uliobaki. Jioni moja akauweka kwenye chupa na kuiacha chumbani kwa mume wake, autumie kesho yake.

Mchana wa siku iliyofuata alikuwa uani anaanika nguo aliposikia mlipuko. Kioo cha dirisha kilikuwa kimelala uani chote. Dari ilikuwa na madoa meusi kama imemwagiwa kahawa, na vipande vya chupa vilikuwa vimejikita kwenye mlango wa kabati ambalo mume wake alikuwa analipiga msasa muda mfupi tu uliopita. Seremala alikuwa ametoka chumbani kutafuta penseli. Penseli yenyewe ilikuwa sikioni mwake.

"Niliita jina lake, hakujibu," anasema Mama Vioo, na kwa mara ya kwanza anaacha kucheka. "Kumbe alikuwa amesimama nyuma yangu, hawezi kusema."

Aliporudiwa na sauti, mume alichukua kitabu na kibiriti, akatoka uani. Aliyemzuia alikuwa mama yake.

"Msumeno ulikukata kidole," bibi akamwambia. "Mbona hukuuchoma?"

Seremala anaikumbuka siku hiyo huku akitazama kidole chake kifupi. "Sikuwa na ugomvi na kitabu. Niliogopa kubaki na watoto peke yangu. Nikamwambia mke wangu, hutamimina hata tone mpaka mtu anayejua atueleze kilichotokea."

Mtu huyo alikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo ng'ambo ya barabara. Mama Vioo alimpelekea kitabu na kumwonyesha sentensi moja aliyoiruka. Ilikuwa na neno ambalo halikuwamo kwenye kamusi ya binti yake, naye alidhani ni la madoido tu.

Mwalimu akaisoma, akafunga kitabu polepole. "Mama," akauliza, "nyumba ipo?"

Sentensi ilikuwa inaonya kwamba mchanganyiko ule ukiachwa ukae, unajigeuza kuwa kitu cha kulipuka ambacho hata kuguswa hakitaki. Mwalimu alimfundisha kuchanganya kiasi cha kazi moja tu na kuyaua nguvu mabaki kwa dawa nyingine papo hapo kabla ya kuyamwaga. Mama Vioo naye alimfundisha mwalimu namna ya kuosha kioo mpaka maji yatandae juu yake bila kujikusanya kuwa matone.

"Kitu hiki nilikuwa nakifundisha kwenye kichupa cha maabara, kinang'aa, wanafunzi wanapiga makofi, tunaosha vyombo," anasema mwalimu. "Kukiona kwenye mlango mzima wa kabati, hapana, nilikaa chini."

Sasa Mama Vioo hupata vioo vinne au vitano kwa wiki. Ndivyo vinavyomsomesha binti yake chuo. Si kazi laini. Tone likipenya glavu, ngozi inabaki nyeusi siku nyingi, na harusini huficha mikono chini ya mtandio. Bei ya chumvi ya fedha haishuki. "Na watu wakisikia napaka fedha, wanakuja kunikopa!"

Kwenye rafu ya juu, juu ya kitambaa laini, kuna kitu anachokionyesha kwa mikono miwili. Ni kioo cha duara, kizito, kilichobonyea katikati kidogo sana. Wanafunzi wa mwalimu wamekisugua kwa mkono muhula mzima. Kinatakiwa kuwa jicho la darubini ya shule, na mwezi uliopita mwalimu alikuja kumwomba akivishe fedha.

Kazi hii hajawahi kuifanya. Fedha itakaa mbele badala ya mgongoni, haitapakwa rangi ya kuilinda, na alama ya kidole kimoja inatosha kuiharibu. Kitabu chake kimeigusia kwa aya moja tu. Anafanya mazoezi kwenye mifuniko ya kioo ya masufuria, na jikoni kwake hakuna tena sufuria linaloonyesha kilichomo ndani. Mume wake ameshamaliza bomba la mbao la darubini.

Jumamosi, mwalimu akija, watamimina pamoja. Mama Vioo hataki malipo. Ametaka jambo moja, na mkuu wa shule amekubali: mwezi wa angani ukifika nusu, wakati vivuli vyake vinaonekana vizuri, yeye awe wa kwanza kuweka jicho kwenye darubini.

"Mwalimu anasema kule kuna milima na mabonde," anasema, akikirudisha kioo kwenye kitambaa chake. "Simbishii. Lakini nataka nikaone mwenyewe."