Kaboni ya Bi Zena

Karatasi ya kaboni ina harufu yake, ya mafuta na wino uliolala. Juzi nimeikuta moja ndani ya daftari la marehemu mama, na hapo hapo nikamwona Bi Zena mlangoni kama zamani, anadai kaboni yake.

Mama alikuwa mpiga taipu katika duka moja la Ngamiani, na Bi Zena alikuwa mteja asiyemwamini mtu. Barua ikishapigwa, aliondoka na nakala na kaboni pia, kwa sababu kaboni ukiielekeza kwenye mwanga unasoma yote. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, huku akiikunja na kuitia kifuani.

Ikaja miaka ya ruksa, sabuni ikarudi madukani, na tajiri wa mama, mwenye duka, akaleta kompyuta kutoka Mombasa. Bi Zena akaja na barua nzito. Shamba lake la michungwa kule Muheza, na hakuwa na jingine, lilikuwa limegawiwa mfanyabiashara. Mama akaiandika kwa bwana mmoja wa ofisi ya ardhi. Ilipokwisha, Bi Zena akageuza nia: iende kwa kamati nzima. Kwa mashine ya taipu ingekuwa kupiga kurasa mbili upya. Mama akabonyeza vitufe viwili vitatu, na palipokuwa na "nisikilize" pakawa "nisikilizeni", "nirudishie" ikawa "nirudishieni", mikia ya maneno ikiota yenyewe kiooni.

Bi Zena akarudi nyuma. "Mwanangu, leo kinaniongezea maneno bila kuguswa. Kesho kitanipunguzia. Nipe kaboni yangu nende zangu."

"Hiki hakina kaboni, Bi Zena. Nakala inabaki humu ndani."

"Basi itoe. Sitoki hapa."

Mama akabonyeza tena, akasema ameifuta. Bi Zena akaondoka na barua moja tu. Nakala ya pili aliikataa, ya chombo kile hakuiamini.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilishajua kusoma orodha ya barua kiooni. Kesho yake nikaona jina la Bi Zena bado lipo. Yule mfanyabiashara alikuwa akija dukani kupiga soga na tajiri, nami nikaamini mama anataka kumpa ile barua. Kwa wiki kadhaa nilimtazama mama yangu kwa pembe ya jicho, hata uji wake niliunywa kwa mashaka.

Siku moja Bi Zena akaingia analia. Ofisini wamemwambia barua yake haionekani, na kamati inakaa kesho. Mama akaiwasha kompyuta, akaichapa barua ile ile, na mikia yake yote.

Bi Zena akaisoma mpaka mwisho, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kumbe ulinidanganya."

"Nilikudanganya, Bi Zena. Nisamehe."

Shamba lilirudi. Kila msimu alituletea kikapu cha machungwa, lakini barua zake alizipeleka kwa mpiga taipu mwingine. Nilimwona hana shukrani, nikamnunia, machungwa yake nikiyala vile vile. Leo nafanya kazi ofisini, siri za watu zimejaa kwenye mashine yangu na wenyewe hawajui, na ndipo nimemwelewa. Mama alimwokoa, na mama alimdanganya. Machungwa yalikuwa shukrani ya lile la kwanza; kwa la pili alituhama.

Kaboni niliyoikuta sikuielekeza kwenye mwanga. Sijui ilikuwa barua ya nani. Nimeitia jikoni, ikaungua.