Kupimwa kwa Niaba ya Baba

Kwetu Idsowe hakuna jambo lisiloweza kufanywa na mjumbe. Posa ina mjumbe, kesi ya ng'ombe kuingia shambani ina mjumbe, hata matangani mtu mmoja anaweza kulia kwa niaba ya ukoo mzima na wengine wakaendelea na wali wao. Kwa hiyo watafiti walipopiga hema Minjila wakitaka damu ya watu waliowahi kudhuriwa na dawa, baba hakuona ajabu kunituma mimi.

"Wewe una mkono mnono," aliniambia. "Na damu yetu si ni moja?"

Aliyedhurika alikuwa yeye. Miaka kadhaa nyuma, mafuriko yalipotuachia mbu badala ya mpunga, alishikwa na malaria akanunua dukani vidonge visivyo na boksi. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi, macho yakageuka manjano, tukamkimbiza Malindi kuongezwa damu. Alirudi mzima, lakini akaapa kwamba kidonge hakitapita tena kooni mwake, hata cha kuumwa na kichwa. Tangu hapo, maji yakipanda na homa ikija, yeye ni kujifukiza mwarobaini tu, na sisi ni kumtazama akitetemeka. Nilijua siku moja homa itamshinda. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa na mdomo mchafu.

Hemani nilimkuta msichana aliyevaa glavu.

"Mgonjwa ni wewe, mama?"

"Hapana, mimi ni mwakilishi."

Alicheka hadi akatafuta kiti. Kisha akanieleza taratibu. Wanasoma vinasaba, yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, ili wajue nani akimeza dawa gani itamdhuru. Huyo aepushwe nayo, na wengine watibiwe bila hofu. Mimi na baba tumerithiana, akasema, lakini mimi si yeye.

"Mama, hili halina mjumbe. Namtaka mzee mwenyewe."

Nilipeleka habari nyumbani. "Mimi si ng'ombe wa kudungwadungwa," baba akasema, akajifunika shuka. Kaka zangu wakaitisha kikao, kama ilivyo kazi yao, wakaazimia nirudi Minjila nikatoe mkono wa kushoto, labda wa kulia ndio uliokataliwa. Niliwatukana mmoja mmoja, nikianza na mkubwa, kwa heshima.

Wiki hiyohiyo homa ikamshika baba, na safari hii hakuweza hata kukaa. Sikungoja kikao. Nilimfuata yule msichana kwa bodaboda, na wakati wa kurudi, barabara ilipoishia majini, tukapanda mtumbwi, yeye amelikumbatia sanduku lake la vipimo kama mtoto mchanga.

Baba alifungua jicho moja. "Nani kaniloga?"

"Hakuna, mzee. Huenda ulizaliwa na damu isiyopatana na dawa fulani. Mwanamume hulirithi jambo hili kwa mama yake."

Lo! Mtu aliyekuwa anakufa akainuka kwa kiwiko. "Mama yangu muache! Mama yangu hana kasoro!"

"Sikusema kasoro, mzee. Damu ya namna hii hata malaria huipata kwa taabu. Pengine ndiyo iliyokuvusha utotoni."

Baba akajilaza tena. Nyanya alizika watoto kabla na baada yake, na yeye peke yake ndiye aliyebaki. Akatoa kidole mwenyewe, macho yakitazama paa.

Kipimo kikathibitisha kwamba alizaliwa nayo. Zipo dawa chache zinazopasua chembe nyekundu za damu ya mtu kama yeye, msichana akasema, akatutajia majina ya dawa hizo mpaka hata kaka zangu wakayakariri. Dawa ya kawaida ya malaria haimo. Baba akaimeza, akinitazama kana kwamba nimemtilia sumu.

Kulipokucha tulijipanga uani, wana na wake zao na majirani wasio na kazi, tukisubiri mkojo wa mzee kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Akajikokota hadi nyuma ya ua wa makuti. Kisha tukasikia sauti yake:

"Manjano!"

Wake za kaka zangu wakapiga vigelegele. Mimi nililia, kwa sauti, bila haya yoyote.

Yeye hakufurahi kama sisi. Msichana alikuwa amerudi kumwangalia, naye baba akamuuliza, akininyooshea kidole, "Na huyu? Nimempa damu hii?"

"Binti zako wote wanayo, mzee, hata kama hawaugui. Watoto wao wa kiume, wengine wataipata, wengine hapana."

Baba akakaa chini. Alijua mimi nina wana wa kiume.

"Walete wanao," akaniambia. "Leo hii. Wakilia, nitawashika mimi."