Picha za mizinga ya mjomba zilikwama siku tatu kwa sababu ya proxy, na fundi alijua

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi huwa nasoma nyuzi zenu tu, sichangii. Nina aibu, nimeishia la saba na naandika polepole. Huu uzi nimeuandika siku mbili. Nasema yaliyotokea, chumvi sitii.

Mjomba wangu ni mfuga nyuki huku Ipole, Sikonge. Mizinga yake ni ya magome, na mingine iko msituni tangu sijazaliwa. Kila mzinga una alama ya ukoo kwenye mfuniko, mikato miwili na duara chini yake. Kwetu hiyo inatosha. Ukiiona unapita, hugusi.

Mwaka huu chama chetu cha wafuga nyuki kikaamua kila alama ipigwe picha na picha ziwekwe cloud, yaani ghala la mtandaoni. Mzinga ambao picha yake haijafika mpaka Jumatano jioni unahesabiwa hauna mwenyewe, unateremshwa.

Nikazunguka msituni na mjomba siku nne, napiga picha. Jumatatu nikapanda gari kwenda ofisi ya chama, Tabora mjini. Ipole mtandao ni wa kubahatisha na picha zilikuwa nzito, bando langu lisingefika popote.

Picha zinapandishwa kwa program ya kuandika command kwenye lile dirisha jeusi. Nilishafundishwa, nikanakili kila kitu kwenye daftari.

Nikaandika. Ikakaa, ikakaa, ikaleta "connection timed out".

Nikamwita fundi wa kompyuta wa pale ofisini. Akafungua browser, video ikacheza vizuri.

"Mtandao si huu hapa? Dada, umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Basi tatizo tumeshalipata."

Watu wakacheka. Mimi nikainamia daftari langu.

Jumanne nikamuuliza tena. "Rudia, utakuwa umekosea herufi." Nikarudia nusu siku, herufi moja moja. Jumatano hivyo hivyo, mpaka jioni ikafika.

Alhamisi asubuhi watu wa chama wakaingia msituni kuteremsha mizinga.

Mimi nilikuwa nimeandika help kwenye dirisha jeusi. Yakatoka maelezo ya Kiingereza, nikawa nayasoma neno kwa neno kwa kamusi ya simu. Karibu na mwisho nikakuta HTTPS_PROXY.

Kwa nilivyoelewa, proxy ni kama mlango mmoja wa ofisi, kila kinachokwenda nje lazima kipite hapo. Browser ilishaonyeshwa mlango. Program yangu haikuonyeshwa, siku tatu ilikuwa inagonga ukuta. Na anwani ya mlango ilikuwa palepale kwenye settings za browser.

Nikaandika hivi:

set HTTPS_PROXY=http://anwani:namba

Picha zikaanza kupanda.

Fundi akapita, akachungulia. "Aa, umeweka proxy."

"Kaka, kumbe ulikuwa unajua?"

"Hapa bila proxy hakitoki kitu. Ungeniuliza proxy ningekwambia. Wewe ulikuwa unauliza kwa nini haiendi."

Wakuu, ningeulizaje kitu ambacho sijui kama kipo? Kati yangu na yeye, nani aliajiriwa kukijua?

Nikampigia katibu wa chama, kazi ikasimamishwa. Mizinga tisa ya mjomba ilikuwa imeshashushwa, nyuki wamehama.

Ijumaa nilipofika nyumbani nilimkuta mjomba ameshika mfuniko mmoja, anapitisha kidole kwenye ile mikato. Nikamwamkia, akaitikia taratibu.

"Walioshusha, alama hawakuiona?"

"Waliiona, mjomba. Wanasema picha ilikuwa haijafika."

"Na picha ilikuwa inasubiri nini, mwanangu?"

Nikaketi chini karibu naye, nikaupokea ule mfuniko.

Nilichojifunza: browser ikifungua, usidhani na program ya command itapita. Iwekee proxy yake. Anwani ianze na http:// hata kama jina ni HTTPS. Hiyo set ukifunga dirisha inasahaulika, tumia setx, na badala ya = acha nafasi, kisha fungua dirisha jipya. Na mtu akikuuliza umesoma mpaka wapi, muulize swali lako tena, usiiname kama mimi.

Aliyekwama kama nilivyokwama mimi aandike hapa chini, nitamwelekeza, ila anivumilie na mwandiko wangu wa taratibu. Na nyie mafundi mliomo humu, naomba mnisaidie jibu la kumpelekea mjomba. Bado analisubiri.