Uzi wa Nne wa Mama

Enzi zetu sisi tuliokulia chini ya Mwingereza, senti ilikuwa na tundu katikati. Nikiwasimulia wajukuu wangu wananitazama kwa huruma, wakidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Pesa yao haishikiki wala hainuki, imo ndani ya simu. Yetu ilikuwa nzito, ikinuka jasho la kila aliyeishika, na kwa kuwa ilikuwa na tundu, ilitungwa kwenye uzi.

Katika tembe letu, upande wa Kiomboi, kulikuwa na nyuzi nne za katani. Mama alizificha ndani ya kihenge, chini ya uwele, mahali ambapo mkono hautoki bila kuwashwa mpaka kwapani. Siku ya gulio, akishauza kuku na mayai, alikaa mkekani akazigawa senti zake. Uzi wa kwanza ulikuwa wa chumvi, wa pili wa mafuta ya taa na sabuni, wa tatu wa ada ya shule. Kilichobaki, hata kama ni senti moja, kilikwenda kwenye uzi wa nne. Uzi huo haukuguswa. Tuliwahi kula ugali na mlenda usio na chumvi wiki nzima, nao ukiwa kihengeni una uzito wa mwanambuzi.

"Mama, huu ni wa nini?"

"Utajua siku yake."

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza mpaka watu wachoke. Nilidhani ni wa kununua ng'ombe, au wa mazishi ya bibi. Nilimwuliza hata bibi mwenyewe, akanituma maji. Udadisi ukanizidi. Siku moja niliufungua, nikachomoa sarafu mbili za senti kumi, nione kama Mama angetambua. Siku zikapita, hakusema kitu, nami nikaenda dukani nikanunua sukari guru. Niliila yote njiani bila kuwabakishia wadogo zangu. Mpaka leo utamu wake naukumbuka, na aibu yake pia.

Baba alikuwa akichimba dhahabu Sekenke, na nyumbani alifika kwa nadra. Mwaka ule alirudi na noti, ya kwanza kuingia kwetu. Tuliizunguka sote kuitazama sura ya mfalme. Ilikuwa ya kulipia kodi ya kichwa, na Baba alimtania Mama kwamba yeye na senti zake atakuja kuvunjika mgongo. Kisha akaihifadhi kama baba yake alivyohifadhi shilingi: akatoboa ukuta wa tembe, akaiingiza, akaziba kwa udongo na mavi ya ng'ombe, akalainisha kwa kiganja. Ukuta ukawa kama haujaguswa.

Miezi miwili baadaye tarishi wa jumbe alipita akitangaza kuwa kodi ni keshokutwa, na asiyelipa atakwenda kulima barabara. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Baba akichukuliwa, shamba lisingelimwa, na mwaka mzima tungelala njaa. Baba akachukua jembe, akachokonoa ukuta. Ukatoka udongo laini, wakatoka mchwa, na mwisho kikatoka kipande cha karatasi kisichozidi ukucha. Shilingi za babu mchwa hawakuziweza, lakini karatasi waliimaliza. Baba alikaa chini palepale, mikono magotini. Sikuwahi kumwona amekaa namna ile, na niliogopa sana.

Mama hakumcheka wala hakumlaumu. Alileta uzi wa nne, akafungua fundo, akahesabu. Zilipungua senti ishirini kufikia kodi. Akahesabu tena, na mara ya tatu.

"Labda umechanganya, Mama Marta," Baba alisema kwa upole.

"Uzi huu siwezi kuuchanganya."

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Ni mimi, Mama. Nilichukua mbili, nikanunua sukari guru." Nikafumba macho kungoja kofi.

"Ulikuwa ukiniuliza uzi huu ni wa nini," alisema. "Ni wa makosa."

"Makosa ya nani?"

"Ya yeyote wa nyumba hii. Nilianza kuutunga nilipoolewa, sijui atakosea nani. Leo mmekosea wawili."

Akanipa mayai aliyokuwa amemwekea kuku atamie, nikayapeleka kwa mwalimu wa misheni, nikarudi na senti ishirini. Baba akalipa kodi, akalima shamba.

Mwezi uliopita alinijia mjukuu wangu anayeishi Unyambwa. Baada ya shikamoo alikaa akiigeuzageuza simu yake. Kijana huyu ana bajeti ndani ya simu, yenye rangi nzuri: fungu la pango, fungu la vocha, mpaka fungu la chipsi. Nikamdadisi mpaka akasema. Alikopa kwenye simu, akakopa kwingine ili alipe kule, na mkewe hajui. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo.

"Niliona aibu, Bibi."

Maisha yetu yalikuwa magumu kuliko yake, hilo sikatai, na sitaki kurudi kulikokuwa na tarishi na kodi ya kichwa. Lakini nyumbani kwetu aibu ilitengewa fungu lake mapema, kabla mkosaji hajajulikana. Nilimwambia ampigie mkewe aje, kisha anionyeshe hilo deni ni kiasi gani.