Suruali Iliyopimwa Bila Viatu

Watu watatu walininyang'anya cherehani yangu, na wote watatu bado wapo hapa Pemba ya Msumbiji, wanakula, wanasali, wanasalimiwa. Majina yao siyaandiki, maana mimi bado ni mpangaji mtaani kwao. Lakini mwenye kukaa mtaa wetu akisoma atawajua: mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hapa anaitwa profesori; shefe, yaani mkuu wa mtaa; na mwenye duka aliyekaa kimya. Huyo wa tatu ndiye ninayemchukia zaidi.

Mimi ni fundi wa nguo, mtu wa Quiterajo, kijiji cha pwani kaskazini ya mji huu. Shule niliiacha mapema, kazi nilifundishwa na baba. Kwetu mwanamume hapimwi na viatu. Anafika, anavua ndala mlangoni, anasimama kwenye mkeka, na fundi anashusha futi kutoka kiunoni mpaka kifundo cha mguu, kisha anapunguza vidole viwili. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kila mtu kule, hata mwenye duka, lazima siku moja katika wiki atashuka kwenye tope la mikoko, kuvuta mtumbwi au kumsaidia mkewe kutoa pweza kwenye mwamba. Suruali ya kufika kisiginoni inakunywa tope, chumvi inakauka kwenye pindo, na pindo linakatika. Basi tunavaa juu. Babu zetu walivaa hivyo na hakuna aliyewaogopa.

Watu wa msituni, wale waasi wenye bunduki, walipoingia kijijini, mke wangu alibeba sufuria na mtoto mdogo. Mimi nilifungua kichwa cha cherehani, miguu yake ya chuma nikaiacha, nikakitia begani. Njiani watu walinisema. Wenzangu wamebeba wazee wao, mimi nimebeba chuma. Wacha waseme. Mzee wangu wa kubeba alikuwa ameshafariki, na chuma kile kilikuwa chake.

Tulipofika Pemba tulipewa jina: madeslokadu. Ni neno la kiserikali, maana yake waliohamishwa, lakini mtaani linatamkwa kama jina la ugonjwa. Niliuliza vyumba mpaka nikachoka. "Watokea wapi?" "Quiterajo." "Ah, chumba kimeshapata mtu." Chumba kile kile, siku nyingine nikipita, naona mlango bado una kufuli. Mke wangu naye, kwenye bomba la maji, kila siku wa mwisho. Mama mmoja alimwambia, "Subirini wenye mji wateke. Nyie wa kaskazini mmekuja na vita kwenye nguo zenu."

Mke wangu akamjibu, "Mume wangu ni fundi, dada. Ingekuwa kwenye nguo angeiona."

Walicheka, lakini ndoo yake haikusogea mbele.

Mwenye duka nilimjua msikitini. Tulisali safu moja. Yeye amezaliwa hapa, ila lugha yetu anaiongea vizuri, na babu yake, kwa maneno yake mwenyewe, alitoka visiwani. Aliniambia, "Mestre," maana fundi hapa huitwa hivyo, "weka cherehani yako barazani kwangu. Utawashonea wa nyumbani kwangu, basi, tumemalizana." Nilimshukuru mpaka nikaona haya. Seremala akanichongea meza, nikafunga kichwa cha cherehani, nikaanza kazi. Nguo ya kwanza aliyoitaka yeye ilikuwa suruali ya kwetu, fupi. Alipoivaa alizunguka dukani kama bwana harusi. "Hii ndiyo suruali! Natia udhu, hailowi." Kuanzia hapo akawa anaivaa siku nyingi, dukani na msikitini.

Kisha akaja profesori na kitambaa kizuri cha kijivu. Alitaka suruali ya sherehe ya kufunga shule. Nikamwambia, "Vua viatu, profesori."

"Kwani hapa msikitini?" Alicheka, lakini alivua.

Nikapima kama mkono wangu ulivyozoea. Kosa langu ndilo hilo, hakuna jingine. Hapa mjini mtu anapimwa amevaa viatu na futi inashushwa mpaka kisiginoni, nami sikuwa nimeambiwa. Mpaka siku ile nilikuwa nimeshona magauni, mashati, mapazia, na suruali za watu wa kwetu.

Alirudi kuichukua amevaa viatu vya kung'aa. Akaijaribu nyuma ya pazia, akatoka nje kujionyesha, na soksi zote zikawa uwanjani. Mama muuza bajia pale pembeni akapiga kelele, "Profesori, mto umefurika wapi?"

Baraza zima lilicheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Nikamwambia, "Usijali, nimeacha kitambaa cha kutosha ndani ya pindo. Kaa hapo, nakushushia sasa hivi." Na kweli nilikuwa nimeacha, hakuna fundi asiyeacha. Lakini mtu mzima ameshachekwa mbele ya wazazi wa wanafunzi wake, na aibu ile alikuwa anatafuta mtu wa kumtwisha. Alianza kwa Kireno, ili tujue kasoma. Halafu akahamia kwenye lugha ya wote ili asikike vizuri.

"Huyu amenivalisha sare ya watu wa msituni! Wale si wanavaa hivi? Muulizeni ametoka wapi!"

Kicheko kilikatika.

Ni kweli, wale wa msituni wanavaa suruali fupi. Nani atanieleza mimi? Nimewaona karibu kuliko profesori atakavyowaona maisha yake yote. Walichukua vazi letu kama walivyochukua mbuzi zetu, wakachoma nyumba zetu wakiwa wamelivaa. Na leo mjini naulizwa mimi kwa nini nafanana nao!

Shefe wa mtaa akafika, tumbo mbele.

"Unawashonea wangapi?"

"Akina nani, shefe?"

"Wenzako."

"Wenzangu wako makaburini, na wengine hawakupata hata kaburi."

"Usinijibu kwa mafumbo. Nani anakudhamini hapa? Nataka mtu wa hapa, si mdeslokadu mwenzako."

Niligeuka nikaangalia dukani. Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mikono juu ya meza. Siku zote kukiwa na kelele nje yeye ndiye wa kwanza kutoka. Siku ile hakutoka, na mimi najua kwa nini. Asubuhi nilisalimiana naye akiwa amevaa suruali yangu. Ilikuwa miguuni mwake, pale pale, meza imeificha. Neno moja lingetosha: mbona hata mimi ninayo. Watu wangecheka tena, mambo yakaisha.

Akasema, "Mimi nimempa baraza tu, shefe. Ya moyoni mwake siyajui."

Shefe akaamuru cherehani ichukuliwe, uchunguzi ufanyike. Hakuna aliyejua kuifungua. Nikaifungua mimi mwenyewe, kwa bisibisi yangu, nikawapa.

Fundi bila cherehani ni mtu wa kukaa tu. Tulikula kwa bajia alizoanza kuuza mke wangu, na bajia za mdeslokadu hazitoki haraka. Mimi nilikuwa naenda kwa shefe. Kila nikienda, "Uchunguzi unaendelea." Mke wangu akakasirika, akaniuliza, "Wanaichunguza nini? Inaongea?" Nikamfuata mwenye duka baada ya sala, nikamwomba anisindikize kwa shefe, aseme neno moja tu. Akanishika bega. "Ndugu yangu, nielewe. Mimi nina watoto."

Mimi je, nilikuwa na kuku?

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mke wa shefe akatuma watu waniite. Anataka sare za watoto. Nikaingia sebuleni kwao, nikaikuta cherehani ya baba yangu iko mezani, imefunikwa kitambaa cha maua, juu yake chupa ya chai. Ilikuwa imeshageuka fanicha. Mama akaondoa chupa akasema, "Fundi, si ukae? Ushonee hapa hapa."

Fikirini ninyi. Mtu aliyeambiwa anawavalisha maadui wa serikali, ameitwa kuwavalisha watoto wa mwakilishi wa serikali. Na kwa cherehani ile ile!

Nikawaambia watoto, "Vaeni viatu." Nikapima mpaka kisiginoni. Nikashona. Zilikaa vizuri, mama akafurahi, watoto wakatembeatembea sebuleni. Shefe aliporudi akawazungusha mmoja mmoja, akatabasamu.

"Unaona, fundi? Ukikaa na watu vizuri, unaishi. Kesho njoo, kuna sare za majirani. Utakuwa unashonea hapa hapa kwangu, tunakuangalia."

Hapo nikaona maisha yangu yote yaliyobaki, kwenye kile kiti. Nikatoa bisibisi mfukoni, nikaanza kulegeza.

"Unafanya nini?"

"Nimemaliza kazi."

"Uchunguzi haujaisha!"

"Shefe, umewavalisha watoto wako nguo za cherehani hii. Kama ina hatia, wavue."

Watoto walimwangalia, mmoja akashika shati lake kwa mikono miwili kama linataka kuvuliwa. Mkewe akasema, "Mwache aende, baba fulani, usitutie aibu." Nikaitia begani, nikatoka. Ilikuwa mara ya pili kuibeba nikiwakimbia watu, ila safari hii nilitembea taratibu, katikati ya barabara, ili kila mtu aone.

Mwenye duka alikuwa anafagia mbele ya duka. Amevaa suruali ndefu, mpya, ya kununua. Pindo linaburuta vumbi.

"Alhamdulillahi, mestre, umeipata! Baraza lako lipo."

Nikampita. Mpaka leo tukisali safu moja namwachia nafasi ya mtu mzima katikati yetu, na imamu akisema tusogeane, asogee yeye.

Sasa nashonea mlangoni mwa chumba changu. Meza niliyonayo inayumba, mguu mmoja nimeutilia jiwe. Watu wa mji wanakuja, nawapima na viatu vyao, nawashonea wanavyotaka. Na watu wa kwetu wanakuja. Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa, akifika mlangoni tu ameshavua ndala, amesimama kwenye mkeka, ananyoosha mgongo. Namuuliza, "Ya kwetu au ya hapa?"

Kabla ya kujibu anageuka kuangalia barabarani, nani anapita.

"Ya hapa," anasema.

Nashusha futi mpaka kisiginoni.