Saini ya Golikipa

Harufu ya plastiki inayopashwa moto ndiyo harufu ya utoto wangu. Wengine hukumbuka mkate wa asubuhi au udongo ulionyeshewa. Mimi hukumbuka duka la fotokopi katikati ya jiji la Johannesburg, chini ya jengo kuukuu ambalo ghorofa zake za juu zilikuwa makanisa, kila kanisa na ngoma yake. Sisi watu wa Lubumbashi tulikuwa na imani moja ambayo hakuna mchungaji aliyewahi kuihubiri: karatasi ya thamani lazima ivikwe plastiki. Vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, vya shule, vyote vilipitishwa kwenye ile mashine. Karatasi zetu zilikuwa zimevuka mipaka, zikalowa mvua na jasho, na aliyepoteza karatasi katika jiji lile alikuwa amejipoteza mwenyewe. Mama alipenda kuiona karatasi ikiingia ikiwa legevu na kutokea upande wa pili ngumu, inang'aa. Hapo ndipo aliposhusha pumzi.

Baridi ya mwaka 2017, nikiwa na miaka kumi na mmoja, Mama alipeleka pale kadi ya Papa, ndivyo tulivyomwita baba. Ilikuwa kadi ndogo, ya zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za bablishi enzi zao, watoto wakizikusanya na kubadilishana. Ilikuwa na picha ya golikipa kijana mwenye nywele kama kichaka, amekumbatia mpira, na chini yake jina la baba yangu. Juu ya picha kulikuwa na saini ya wino wa bluu, yenye mkia mrefu uliouzunguka mpira wote kwa maringo. Papa aliitia saini ile kumpa Mama siku za uchumba, na Mama alisafiri nayo ndani ya Biblia. Hapa Johannesburg Papa alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi. Kanisani wanaume wenzake walimtania kwamba kila mkimbizi alikuwa mtu mkubwa kwao. Alicheka nao, lakini nyumbani hakucheka. Hata sisi watoto, tuliokua tukisema Kiingereza na Kizulu, tulimwamini nusu nusu tu.

Ndipo zikaja habari kwamba mtaani Newtown kutakuwa na maonyesho ya mpira wa zamani wa Afrika. Wachezaji wa zamani wanaoishi jijini wangeketishwa mbele na kutajwa majina yao kwa kipaza sauti. Sharti lilikuwa moja: mtu alete kitu chenye saini yake ya enzi hizo, kilichothibitishwa na mtaalamu. Kwa mara ya kwanza nilimwona Papa akijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Mama, kwa mapenzi yake, akaona kadi isije ikakunjika njiani, akaikimbiza kwenye plastiki. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini siku ile hakuna aliyejua kwamba yamemwagika.

Mtaalamu alikuwa na duka la kadi za wachezaji huko Braamfontein, za raga, kriketi na mpira wa miguu, zimepangwa kwenye makabati ya vioo. Papa alivaa suti ya Jumapili. Mimi nilikwenda kutafsiri, maana Kiingereza chake kilikuwa cha getini: habari za asubuhi, andika jina hapa, tia saini hapa. Mtaalamu alikuwa mzee mpole mwenye ndevu za mvi, akatukaribisha viti. Aliitazama kadi kwa lenzi, akaiinamisha huku na huku chini ya tochi ndogo, kisha akaanza kunieleza taratibu. Saini ya mkono huacha mfereji mdogo pale kalamu ilipokandamiza, na wino wake hukaa juu ya mng'ao wa picha. Chini ya plastiki hakuona hata kimoja. Joto lilikuwa limeutawanya wino, na kuibandua plastiki kungeondoka na saini yenyewe. Huenda ni ya mkono, huenda ilichapwa kiwandani.

"Sisemi ni ya uongo," alisema, nami nikatafsiri. "Nasema siwezi kujua."

Akatoa karatasi nyeupe na kalamu, Papa atie saini tena ili ailinganishe. Papa aliandika, na mimi ndiye niliyeona kwanza. Zilikuwa herufi kubwa, zimesimama moja moja kama nguzo za ua. Miaka mingi nyuma, kwenye ofisi ya vibali vya wakimbizi, alirudishwa dirishani kwa sababu mkia wa saini yake haukufanana na ule wa mara iliyotangulia. Wakamwambia aandike jina lisomeke. Tangu hapo, kila kibali kilipoisha muda, aliliandika hivyo hivyo, mpaka mkono ukasahau ujana wake. Mzee akamwomba ajaribu ile ya zamani. Mkono wa Papa ulianza mkia, ukasimama katikati, ukaendelea polepole. Mzee akasema kwa upole kwamba mistari ya polepole namna ile ndiyo anayoiona kwa watu wanaoiga saini za wengine. Na ilinibidi mimi, mtoto wake, nimwambie hivyo baba yangu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

Papa aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Mama, umuambie ni miye."

Nilimwambia. Mzee akajibu kwamba anaamini, lakini kazi yake ni saini, si sura, na jina lake ndilo linalokwenda kwenye cheti. Nilijawa na hasira nikakosa wa kumkasirikia. Husemwa dua la kuku halimpati mwewe. Pale hapakuwa hata na mwewe. Kulikuwa na mzee mwaminifu, mama mwenye mapenzi, na baba aliyewahi kutii alichoambiwa dirishani.

Jioni zilizofuata Papa alijaribu saini ile nyuma ya kurasa za kalenda ya zamani, na Mama akashindwa kumtazama. Siku ya maonyesho tulikwenda, tukasimama nyuma na watazamaji wengine. Papa alininong'oneza kwamba yule mzee wa tatu mbele, Mzambia, alikuwa mshambuliaji, na kwamba yeye Papa aliwahi kumdakia penalti. Nilimsihi twende tukamsalimie. Alikuwa amekwisha kupiga hatua, kisha akasita.

"Na kama naye akisema hajui?" aliuliza, akarudi kupiga makofi pamoja na watu.

Leo ninasoma chuo huku huku Braamfontein. Simu yangu hunitazama usoni ikafunguka, na ni nadra mtu kunidai saini. Dunia ingengoja kidogo tu, nasema, sura ya Papa ingemtosha. Kisha najijibu kwamba nywele zimekwisha na mashavu yamebonyea, na mashine nayo ingesema haimjui. Papa amestaafu ulinzi. Juzi mdogo wangu wa mwisho aliikuta kadi ikiwa na vyeti vyetu, akampelekea sebuleni akamuuliza, "Papa, huyu ni wewe?" Nilimwona Papa akiigeuza kwenye mwanga, kama alivyofanya yule mzee, kisha akamrudishia mtoto.

"Benye kujua balisema haijulikane," akamjibu.