Picha Niliyoileta kutoka Pinga

Kwetu Nyabiondo, mashariki mwa Kongo, picha isiyo na mtu si picha. Nilijua jambo hilo vizuri, na bado kila likizo nilibeba kamera yangu ya mitumba nikapanda vilima kutafuta ukungu. Niliwapiga picha ng'ombe wa malisho ya Muheto wakiwa wamezama miguu ndani ya mawingu, nikapiga mashamba ya maharage yanavyoteremka hadi mtoni, nikarudi kuwaonyesha majirani kwenye kioo kidogo cha nyuma. Walitazama kwa adabu, kisha mmoja lazima aulize: "Sasa muntu iko wapi, Mwalimu?" Ilinikera. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kuuliza maswali, si kuulizwa, na kwa ajili ya ng'ombe wale niliamka alfajiri.

Jirani yangu mmoja tu hakuuliza. Alikuwa mama mkulima, nyumba yake chini kidogo ya yangu, na picha zangu alizitazama kimya hadi ya mwisho. Mume wake alikwenda Pinga, mji mdogo wa msituni, kuuza chumvi na sabuni wakati kitindamimba wao akingali ananyonya, na mtoto huyo sasa nilikuwa namfundisha kusoma. Namba ya simu ya yule bwana ilikuwa haipiti tena. Mchuuzi mmoja alileta habari kwamba amemwona sokoni. Mwingine akaapa kwamba alifukiwa na udongo kwenye mashimo ya madini. Ukoo wa mume ukachoka kungoja. Kaka mkubwa wa mume, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alimwambia mama mara nyingi wafanye kilio bila mwili, wamalize. Mama akakataa katakata.

"Siwezi kulia muntu mwenye kupumua," alisema.

Haukuwa ukaidi mtupu. Kwetu mjane ana mahali pake: anabaki kwenye shamba la mume, analimia watoto wake, na ukoo unasimama naye. Mke aliyeachwa hana mahali. Anaweza kuambiwa wakati wowote afunge mzigo arudi kwa wazazi wake, na watoto wabaki. Yeye hakuwa huyu wala yule, na hali hiyo ilimkausha huku sote tunaona.

Aliposikia nakwenda Pinga kupiga picha za msitu, alipanda kwangu asubuhi na mfuko wa maharage ya njiani.

"Kaka, kama unamuona, umupige picha," aliniambia. "Sitaki franga, sitaki barua. Bantu bananidanganya na midomo. Picha ndiyo itaniambia kama nalia ao nangoja."

"Na kama simuoni?"

"Utaniambia haukumuona. Lakini utafute."

Kwenda Pinga si kusafiri, ni kubembeleza njia. Mahali pengine mwenye pikipiki niliyemkodi aliendesha, mahali pengine tulisukuma wote wawili tope likitufika magotini, na madaraja ya magogo tulivuka kwa miguu tukiomba Mungu. Kila tulipokaribia kizuizi niliizika kamera ndani ya mfuko wa maharage, maana mtu mwenye bunduki akiona kamera huuliza maswali yasiyo na jibu. Msitu niliokuwa nimeuota sikuupiga hata mara moja. Nilikuwa nimefuata miti, nikajikuta nachungulia nyuso za wanaume, kila aliyepita na katoni ya sabuni kichwani.

Kumpata hakukuwa kazi. Alikuwa sokoni, nyuma ya meza yenye chumvi, sabuni na kandambili, na alinitambua kabla sijafungua mdomo. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio. Aliniongoza hadi nyumba ya mbao, akanikalisha kwenye benchi la nje. Ndani mtoto mchanga alilia, na sauti ya mwanamke ikambembeleza. Hakuna kati yetu aliyelitaja jambo hilo. Nilimweleza alichoniomba mke wake. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati safi lililopigwa pasi.

"Piga," alisema. "Lakini mimi peke yangu. Mulango isionekane."

Nilikasirika. Hata hivyo nilimsimamisha mbele ya migomba, mbali na mlango. Nikamuuliza nimwambie nini mkewe.

"Umuambie niko muzima."

"Ile tu?"

"Ile tu, Mwalimu."

Alisimama kama watu wetu wanavyosimama mbele ya kamera, mikono imenyooka, bila kucheka. Jua lilikuwa nyuma ya wingu na macho yake hayakukwepa. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na inaniuma kusema hivyo.

Niliporudi, mama aliketi kwenye kizingiti changu akaishika kamera kwa mikono miwili. Kwanza alifumba macho akamshukuru Mungu. Mimi nikafurahi kama mjinga. Kisha nikamwonyesha jinsi ya kuikuza picha, akaanza kuisogeza kidogo kidogo kwa kidole: uso, nywele, shingo. Hapo shingoni akabaki.

"Hii kola ilipasuka, ikashonwa," alisema. "Na uzi ya rangi moja na shati. Yeye hajue kushika sindano."

Akanigeukia.

"Kuko mutoto?"

Nilitazama vilima. Nikasema nilisikia mmoja akilia.

Hakutoa chozi. Alinirudishia kamera taratibu, akaniomba nimtolee picha hiyo, iwe kubwa. Nilidhani anataka kuitundika ukutani, au kuipasua vipande. Nikampa mwenye pikipiki kadi ya kamera hadi studio ya Goma, picha ikarudi imebandikwa kwenye karatasi ngumu, na nikamkabidhi.

Haukupita muda nikasikia kwamba amewaambia wakwe zake amekubali kilio.

Nilishuka kwake nikiwa nimewaka hasira. "Dada, unalia muntu mwenye iko muzima!"

Alikuwa anachambua maharage ya wageni. "Niliomba picha inijibu," alisema. "Ilinijibu."

"Ilikujibu kwamba iko!"

"Iko kwa wengine." Aliinua macho. "Kaka, bakijua aliniacha, mimi nitalima wapi? Hawa batoto batanifuata wapi?"

Nilipanda kurudi nyumbani bila kuaga.

Siku ya kilio waliazima mabenchi ya kanisa na kufunga maturubai uani. Kwetu picha ya marehemu huwekwa mbele ya watu, juu ya kiti chenye kitambaa cheupe. Wengi hawana ila ile ndogo ya kadi ya mpiga kura. Wanaikuza hadi uso unakuwa kivuli. Juu ya kiti hiki ilikuwepo picha yangu, safi, kila unywele unaonekana. Watu walipita mmoja mmoja wakiinama, na wengi walichelewa pale. Mtu aliyeondoka Nyabiondo alikuwa na nywele nyeusi kichwa kizima. Mwenye macho haambiwi tazama. Nilikaa benchi la nyuma nikingoja nani atapiga kelele kwanza.

Kaka mkubwa alipita wa mwisho. Alisimama mbele ya kiti hadi kwaya ikamaliza wimbo, akainama, akagusa kwa kidole juu ya sikio la mdogo wake. Kisha akaja hadi nilipokaa.

"Mwalimu, hii picha uliipigia wapi?"

Nikafungua mdomo. Akainua kiganja.

"Basi. Usinijibu."

Alirudi mbele, akavua kofia, akasimama kando ya shemeji yake aliyekaa kwenye mkeka. "Mudogo wangu tumemulia leo," aliwaambia watu. "Shamba ni ya huyu mama na batoto yake. Muntu asimuulize tena kitu." Alijaribu kuanzisha wimbo, sauti ikamkatika, akajifunika uso kwa kofia. Hapo ndipo mama alipolia. Alimwita mume wake kwa jina ambalo sote hatukuwahi kulisikia, akalirudia hadi wanawake wakamshika mabega. Katika ua ule hakuna aliyelia kwa uongo, na mimi nililia nao. Kule Pinga ilikuwa siku ya soko, na yeye bila shaka alikuwa mezani kwake akipima chumvi.